DALILI ZA HOMA YA INI NA AMANA YA MWILI

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu akamtengeneza, akampa viungo vinavyoonekana na viungo visivyoonekana, na kila kiungo akakipa kazi yake. Tunamshukuru kwa neema ya uzima, ambayo thamani yake haijui ila aliyeikosa. Tunashuhudia ya kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki isipokuwa Mwenyezi Mungu peke yake, na tunashuhudia ya kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Tunakuusieni, nasi tunajiusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na jueni ya kuwa katika kumcha Mwenyezi Mungu ni kuzihifadhi amana, na mwili ni amana. Kesho mbele ya Mola wetu tutaulizwa umri tuliumalizia wapi na mwili tuliutumia katika jambo gani. Basi mtu hawezi kuitunza amana asiyoitazama.

Ndugu zetu mliohudhuria hapa msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, akina baba na akina mama, na wanafunzi wetu wapenzi: maneno yetu ya leo ni juu ya maradhi ya ini yaletwayo na vijidudu vidogo mno viitwavyo virusi, maradhi ambayo watu wetu huyaita homa ya ini, na madaktari huyaita hepatitisi. Pengine atatokea wa kusema: "Mbona sheikh ameacha dini anasema habari za hospitali?" Twamjibu ya kuwa Mtume wetu (Rehema na amani zimshukie) aliulizwa na mabedui kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawajulisha ya kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila aliyawekea na dawa. Na katika Suratul Maida tumefundishwa ya kuwa anayeiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Basi elimu inayookoa nafsi haiko nje ya dini.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mwanafunzi katika chuo chetu, kijana wa miaka 12, ambaye sauti yake ilikuwa ya kwanza kusikika wakati wa kusoma. Ikafika wiki moja, kijana yule akawa anasinzia mbele ya juzuu yake. Tukamkemea mbele ya wenziwe, tukamwita mvivu. Siku ya tatu akaomba ruhusa atoke nje kwa sababu moyo unamchafuka, nasi tukadhani ni hila ya kukimbia somo. Siku ya tano, wakati wa alasiri, akasimama mlangoni, jua likampiga usoni, na hapo tukaona ya kuwa weupe wa macho yake umegeuka rangi ya manjano kama bizari. Tulipomwuliza kwa upole, akasema ya kuwa kwa siku tatu haja yake ndogo imekuwa nyeusi kama chai ya mkandaa, lakini ameona haya kulisema jambo hilo mbele ya mwalimu. Kijana yule alipona kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, nasi tukamtaka radhi. Lakini kabla mwezi haujesha, wanafunzi wengine wanne wakapatwa na maradhi yale yale, kwani wote walikuwa wakichota maji katika mtungi mmoja kwa kata moja, na choo cha chuo hakikuwa na maji ya kunawia mikono.

Tazameni, enyi ndugu zetu. Dalili zilikuwako. Mtoto alikuwa nazo mwilini mwake, na mwalimu alikuwa nazo mbele ya macho yake. Kilichokosekana ni elimu ya kuzitambua, na ulimi wa kuzisema.

Ini ni kiungo kikubwa kilichoko upande wa kulia, chini ya mbavu, na uzito wake kwa mtu mzima hufika kilo moja na nusu hivi. Ini husafisha damu, huhifadhi nguvu ya chakula, na hutengeneza nyongo ambayo husaidia kuyeyusha mafuta ya chakula tumboni. Chembe nyekundu za damu zinapochakaa huacha masalio yenye rangi ya manjano. Ini huyachukua masalio hayo, huyatia katika nyongo, nayo hutoka pamoja na haja kubwa. Na hiyo ndiyo sababu ya haja kubwa kuwa na rangi yake tuijuayo. Ini likiugua hushindwa kazi hiyo. Hapo ile rangi hurudi katika damu: ikipita katika figo, haja ndogo huwa nyeusi; ikikosekana katika matumbo, haja kubwa huwa nyeupe kama udongo wa mfinyanzi; na ikienea mwilini, macho na ngozi huwa manjano. Basi dalili tatu hizi ni jambo moja linaloonekana mahali patatu.

Sasa zisikilizeni dalili kwa mpango wake, na anayeweza kuandika na aandike.

Mara nyingi mwanzo wake ni uchovu usio na sababu. Mtu amelala usiku kucha, akiamka hana nguvu. Kisha hukosa hamu ya chakula, hata harufu ya mafuta ya kukaangia humchukiza. Moyo humchafuka, pengine hutapika. Huweza kuwa na homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, na uzito au maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Siku hizi za mwanzo wengi hudhani ni malaria, wakanunua dawa dukani, wakameza, wakangoja. Baadaye haja ndogo hugeuka rangi, na hii aghalabu hutangulia macho. Tena haja kubwa huweza kuwa nyeupe, macho huwa manjano, na wengine huwashwa mwili mzima wakajikuna usiku kucha.

Na katika kutazama kuna adabu yake. Msimtazame mgonjwa usiku kwa mwanga wa taa, kwani mwanga wa taa una manjano yake wenyewe. Mtoeni nje mchana, au mkalisheni karibu na dirisha, mumwambie atazame chini huku mkiinua ukope wa juu, mtazame weupe wa jicho. Sisi watu weusi ngozi zetu huficha manjano, lakini jicho halifichi. Na chini ya ulimi vile vile hapafichi.

Tena msiichanganye homa ya ini na homa ya manjano. Homa ya manjano ni maradhi mengine yaletwayo na mbu, nayo ina chanjo yake. Wala si kila manjano ya macho ni virusi vya ini. Malaria kali huweza kuyaleta, na mawe katika njia ya nyongo huweza kuyaleta, na baadhi ya dawa na mizizi huweza kuyaleta. Kwa hiyo jicho la manjano halikwambii jina la ugonjwa. Linakuambia jambo moja tu: nenda hospitali ukapimwe damu.

Na kuna dalili ambazo mtu akiziona hapaswi kungoja hata kupambazuke. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, akasema maneno yasiyo na maana, au akalala usingizi usio wa kawaida hata kumwamsha ni taabu. Au akitokwa na damu puani au katika fizi. Au akitapika damu, au haja yake kubwa ikawa nyeusi kama lami. Au tumbo likaanza kujaa na miguu kuvimba: huyo achukuliwe hospitali saa ile ile. Na mwanamke mja mzito mwenye macho ya manjano ni wa kukimbizwa, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba yake. Mwaka 2012 ilipozuka homa ya ini ya aina ya E katika kambi za wakimbizi za Dadaab, kaskazini mashariki ya Kenya, wengi wa waliofariki walikuwa akina mama waliokuwa wamejifungua karibuni. Basi mume asiseme, "Tungoje tuone." Amana hiyo ni nafsi mbili.

Enyi Waislamu! Virusi vya ini vinavyojulikana zaidi ni vya aina tano, navyo hupita katika njia mbili.

Njia ya kwanza ni njia ya kinywa, nayo ni ya aina ya A na ya E. Uchafu wa haja ya mgonjwa huingia katika maji au katika chakula, kisha mtu mwingine akanywa au akala. Aina ya A huweza kukaa mwilini wiki mbili mpaka wiki nne na zaidi kabla ya dalili kuonekana, na mgonjwa huweza kuwaambukiza wenziwe hata kabla macho yake hayajawa manjano. Tena watoto wadogo aghalabu huipata bila ya kuonyesha dalili yoyote, kisha wakaipeleka kwa wakubwa. Kwa hiyo anayengoja kuona mgonjwa ndipo anawe mikono amekwisha chelewa.

Na hapa tuitazame hekima ya mafundisho ya Mtume wetu (Rehema na amani zimshukie). Alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Alikataza kwenda haja penye maji watu wanapochota, na njiani, na kivulini. Aliamrisha vyombo vifunikwe usiku. Alimwamrisha aamkaye kutoka usingizini aoshe mikono yake kabla ya kuitia chomboni. Haya tunayasoma kwa watoto wetu katika mlango wa tohara, wakayahifadhi kwa moyo. Kisha wakitoka darasani wanakwenda kwenye mtungi ulio wazi na kata iliyolala chini. Tumewafundisha maneno, hatukuwapa sabuni!

Njia ya pili ni njia ya damu na maji maji ya mwili, nayo ni ya aina ya B, na ya C, na ya D ambayo haimpati mtu ila awe na B. Hupita kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Hupita baina ya mume na mke. Hupita kwa sindano, na kwa wembe, na kwa kisu cha ngariba, na kwa chale za waganga, na kwa nyembe za wapigao chuku, na kwa kutoboa masikio, ikiwa chombo kimetoka kwa mtu kikaenda kwa mwingine. Virusi vya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Basi wembe ulionyoa leo, ukafutwa kwa kitambaa, ukawekwa, haukuwa safi kesho kutwa.

Na hapa, ndugu zetu, ndipo penye jambo lililotufanya tuchague maudhui haya leo. Dalili tulizozitaja ni rehema, kwani mwenye kuziona huamka akatafuta tiba. Lakini aina ya B na ya C mara nyingi hukaa mwilini miaka 20 au 30 bila ya dalili hata moja. Mtu anaswali, anafunga, anafanya kazi, anazaa, na ini lake linaharibika kidogo kidogo mpaka linakuwa kovu, au linaota saratani. Wenye virusi vya aina ya B vilivyokaa mwilini walikadiriwa mwaka 2022 kuwa watu milioni 254 duniani, na wa aina ya C milioni 50. Na watu milioni 1.3 walifariki mwaka huo kwa sababu ya homa za ini. Sehemu kubwa ya watu hao hawajui kuwa wanayo.

Tulikuwa na mzee mmoja katika mtaa wetu, mtu wa swala ya jamaa na wa kazi zake, ambaye hatukupata kusikia ameugua. Siku moja tumbo lake likaanza kujaa. Watu wa nyumba yake wakasema amerogwa, wakamtuhumu mke wa ndugu yake. Miezi minne ikapita katika kwenda kwa huyu na kwa yule, mizizi ikichemshwa, mbuzi wakichinjwa, na udugu ukikatwa. Alipofikishwa hospitali, daktari akaona ini limekwisha kuwa kovu, na katika damu yake vikaonekana virusi vya aina ya B, ambavyo pengine alikuwa navyo tangu utotoni. Mzee yule akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na yule mwanamke aliyetuhumiwa ndiye aliyekuwa akimpikia uji mpaka siku ya mwisho.

Baada ya matanga tuliwaita watoto wa marehemu, tukawaambia: urithi wa baba yenu hautoshi kugawanywa kwa shamba na nyumba tu, nendeni mkapimwe damu. Walikuwa sita. Mmoja akaonekana anavyo, naye hana dalili yoyote. Akaanza kufuatwa na madaktari mapema, na leo yu mzima na kazi zake. Watano wakapigwa chanjo. Basi fikirini: lau kama mzee yule angepimwa miaka kumi kabla, je, ingelikuwako fitina ile? Tumekatazwa katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu kuzitupa nafsi zetu kwenye maangamizo kwa mikono yetu, na tumekatazwa kufuata dhana. Ujinga wa dalili uliwatia watu wa nyumba ile katika mambo yote mawili.

Wala mtu asiseme, "Yaliyokadiriwa yatakuwa, kupima kuna faida gani?" Sayyidna Umar bin Khattab (Mwenyezi Mungu amwie radhi) alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari ya tauni iliyoingia huko, akaazimia kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu ya kuwa wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume iliyolithibitisha jambo lile. Basi maradhi ni kadari, na kipimo ni kadari, na chanjo ni kadari. Mwenye akili huikimbilia ile iliyo na salama.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Tumekwisha zijua dalili. Sasa tuyajue yanayotupasa.

La kwanza ni kwa wazazi. Mtoto anayezaliwa na virusi vya aina ya B kutoka kwa mama yake, akiachwa bila ya kinga, yu karibu sana na kubaki navyo maisha yake yote. Watoto 9 katika kila 10 hubaki navyo. Lakini mtu mzima mwenye afya akivipata, ni wachache mno, hawafiki 5 katika kila 100, ambao hubaki navyo. Kwa hiyo mlango mkubwa wa maradhi haya ni utoto, na ufunguo wa kuufunga ni chanjo. Chanjo ya kwanza hutakiwa itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kisha zifuatie nyingine. Mkiwa kliniki, ulizeni kwa ulimi wenu: mama amepimwa damu kwa homa ya ini? Mtoto atapata chanjo ya siku ya kuzaliwa? Nchini Kenya chanjo hii imo katika chanjo za watoto wachanga tangu mwaka 2001, na Tanzania tangu mwaka 2002. Kwa hiyo wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata, na kupimwa kunatuhusu sisi wakubwa zaidi. Na mama mwenye virusi hivi asinyimwe kumnyonyesha mwanawe aliyechanjwa, kwani hakukatazwa.

La pili ni kwa vijana wanaotaka kuoa na mawalii wanaotaka kuozesha. Nchini Saudia, tangu mwaka 2008, wachumba hupimwa homa ya ini ya aina ya B na C kabla ya ndoa. Si kwa kumfedhehesha mtu, bali ni kwa kuwa Mtume wetu alikataza kudhuru na kudhuriana. Mmoja akionekana na virusi vya aina ya B, mwenziwe huweza kuchanjwa, na ndoa ikafungwa kwa salama. Wasihi wachumba wapime, na atakayejua siri ya mwenziwe na aihifadhi.

La tatu ni kwa vinyozi, na mangariba, na wakunga, na wapigao chuku. Ujira wenu ni halali na kazi yenu ina heshima. Basi msiichafue kwa wembe mmoja. Kila mtu na wembe wake mpya, na ukitumika utupwe mahali ambapo watoto hawafiki. Nanyi mnaowanyoa watoto siku ya saba kwa sunna ya akika, msiazimane nyembe baina ya nyumba na nyumba. Na mahujaji wetu, mnapokwenda kunyoa huko Mina, msikubali kinyozi wa njiani mwenye wembe uliokwisha tumika; nendeni kwa vinyozi wenye leseni, wanaotumia wembe mpya kwa kila mtu. Hata mswaki, ambao ni sunna tukufu, ni wa mtu mmoja.

La nne ni kwa mgonjwa mwenyewe. Ukiziona dalili, zitaje kama zilivyo. Haja ndogo na haja kubwa si aibu mbele ya tabibu. Usinywe mizizi usiyoijua, kwani ini lililo gonjwa ndilo litakalobebeshwa sumu yake. Wala usimeze vidonge vya maumivu kwa wingi. Pombe ni haramu kwa kila Muislamu, na kwa mwenye ini gonjwa ni sumu juu ya sumu. Mwezi wa Ramadhani ukikukuta katika hali hiyo, sharia imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Ipokee sadaka ya Mola wako. Aina ya A na ya E aghalabu huondoka zenyewe kwa mapumziko na chakula. Aina ya B ina vidonge vinavyoizuia isiliharibu ini, kwa yule ambaye daktari ameona anavihitaji. Na aina ya C leo ina dawa zinazowaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100, kwa muda wa wiki 8 mpaka 12 aghalabu.

Na msione ya kuwa jambo hili ni kubwa kupita uwezo wa umma. Katika nchi ya Misri, tangu miaka ya 1950 mpaka mwanzo wa miaka ya 1980, watu wengi wa mashambani walidungwa sindano za kutibu kichocho, na sindano hizo zilitumiwa kwa mtu baada ya mtu bila ya kusafishwa inavyopasa. Virusi vya aina ya C vikaenea hata Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizozidi wagonjwa wake duniani. Basi walipojua hawakuficha. Mwaka 2018 na 2019 watu wazima waliitwa wapimwe bure, wakapimwa watu wapatao milioni 50, na waliokutwa na maradhi wakatibiwa. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitaja Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia daraja ya dhahabu katika njia ya kuyaondoa maradhi hayo. Hakuna aliyewaponya kwa kunyamaza.

La tano, nalo ni la mwisho, ni kwa sisi sote. Aina ya B haiambukizi kwa kupeana mikono, wala kwa kukumbatiana, wala kwa kula katika sinia moja, wala kwa kukaa safu moja ya swala. Kwa hiyo mwenye nayo asitengwe katika karamu, wala asikimbiwe msikitini, wala asifukuzwe kazini. Akifa aoshwe kama anavyooshwa Muislamu mwingine, na waoshaji wavae glavu kama inavyopasa kwa kila maiti. Mtu akijua ya kuwa atatengwa, ataficha. Na akificha, ataambukiza. Basi anayemfedhehesha mgonjwa ana sehemu yake katika kuyaeneza maradhi.

Na sisi walimu tunajiusia kwanza. Mtoto akisinzia darasani, tumtazame macho yake kabla ya kutazama bakora. Chuo chetu leo kina ndoo yenye bomba na kifuniko, kila mtoto ana kikombe chake, na sabuni iko mlangoni mwa choo. Si mambo ya gharama kubwa. Yangaliweza kuwako siku ile.

Ewe Mola wetu! Waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu. Wahifadhi akina mama wanaojifungua na watoto walioko matumboni mwao. Ewe Mola wetu! Warehemu waliokwisha tangulia bila ya kujua kilichowaua, na uzitengeneze nyoyo za wale waliotuhumiana kwa ujinga. Wape madaktari wetu elimu na huruma, na sisi utupe macho ya kuona na ulimi wa kusema. Utupe mema ya dunia na mema ya akhera, na utuepushe na adhabu ya Moto. Amin.

Simamisheni swala.